Cheti Kipi Kwanza? Hatua za Kuchagua Vyeti vya Kuanzia Kazi ya Mitandao

Swali ninaloulizwa kuliko yote na vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi ya mitandao ya kompyuta ni hili: "Kaka, nianze na cheti gani?" Majina ya vyeti wanayo tayari mdomoni: CCNA, Network+, A+, JNCIA, MTCNA. Nikiwarudishia swali, "Unataka uajiriwe ufanye nini?", wananyamaza. Hapo ndipo pesa na miezi ya watu inapopotelea, maana cheti huchaguliwa kwa kuitazama kazi, na kazi yenyewe hawajaiona. Nimewaona wenzangu wakisomea vyeti vitatu mfululizo bila kugusa swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao mmoja) hata moja, kisha usaili ukawashinda kwenye maswali ya mwanzo kabisa. Sitaki mwingine apite njia hiyo, kwa hiyo nimeziandika hapa hatua zile zile ninazomwelekeza mtu tukikaa ana kwa ana.

Hatua ya 1: Itazame kazi kwanza

Neno "mitandao" limebeba kazi nyingi zisizofanana. Yupo wa dawati la msaada, anayepokea simu za watumiaji ambao intaneti imewagomea, printa haionekani au nywila imefungwa. Yupo fundi wa uwandani anayevuta kebo, kubana vichwa vya RJ45, kufunga swichi kwenye raki na kupandisha vifaa vya Wi-Fi darini. Wapo watu wa kituo cha uangalizi wa mtandao, wanaofanya kazi kwa zamu, usiku na mchana macho kwenye skrini. Kiungo kikikatika wao ndio wa kwanza kujua, wanafungua tiketi, wanachunguza, wakishindwa wanaipandisha kwa mhandisi. Yupo msimamizi wa mtandao wa ofisi, ambaye kwenye shirika dogo ndiye huyo huyo wa seva, kamera na simu za mezani. Halafu wapo wahandisi wa kampuni zinazotoa huduma ya intaneti, ambao siku yao nzima ni ruta kubwa (vifaa vinavyounganisha mtandao na mtandao), itifaki za kutafuta njia kama OSPF na BGP, na laini za wateja.

Kwa anayeanza, milango iliyo wazi zaidi ni ile mitatu ya mwanzo. Dawati la msaada hudharauliwa sana na wanaojiita wahandisi watarajiwa, na mimi nalitetea kila ninapopata nafasi. Pale ndipo unapojifunza hitilafu inavyosikika kutoka kwa mtu asiyejua istilahi. Mtumiaji hakwambii kwamba DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, haijibu. Anakwambia "mtandao umekufa lakini WhatsApp inafanya kazi". Kazi ya kutafsiri malalamiko hayo kuwa dalili za kiufundi utaifanya maisha yako yote ya mitandao.

Ukishajua unaelekea upande gani, tafuta matangazo 20 ya kazi za ngazi ya chini mahali unapotaka kufanya kazi. Chukua karatasi, andika safu tatu: vyeti vilivyotajwa, vifaa vya kampuni gani vilivyotajwa, na ujuzi uliorudiwa. Kila tangazo likitaja kitu, piga mstari mmoja. Tofautisha kilichoandikwa kuwa ni lazima na kile kilichoandikwa kuwa ni nyongeza. Ukimaliza utakuwa na picha ya soko lako, na picha hiyo ina thamani kuliko orodha yoyote ya "vyeti bora" unayoweza kuipata popote. Kama matangazo mengi yanataja Cisco, umejibiwa. Kama unazungukwa na kampuni ndogo za intaneti zinazotumia MikroTik, umejibiwa vilevile, na jibu ni tofauti.

Hatua ya 2: Jipime kwa swali moja

Kabla hujachagua, chukua daftari na ujibu hili bila kufungua kitu chochote: unapoandika anwani ya tovuti kwenye kivinjari na kubonyeza, nini kinatokea mpaka ukurasa unafunguka?

Anayejua msingi ataeleza kwamba kompyuta huuliza kwanza DNS ili jina ligeuzwe kuwa anwani ya IP. Ataeleza kwamba kompyuta huangalia kama anwani hiyo iko ndani ya mtandao wake au nje, na ikiwa nje huikabidhi paketi kwa geti chaguo-msingi, yaani ruta. Ili kuifikia ruta kwenye waya inahitaji anwani yake ya MAC, kwa hiyo inauliza kwa ARP. Kisha TCP inapeana mkono kwa hatua tatu, usimbaji wa mawasiliano unawekwa, na ndipo ombi la ukurasa linapotumwa.

Kama umeeleza yote hayo, hata kwa lugha ya kubabaisha, msingi unao na unaweza kuiendea CCNA moja kwa moja. Kama umeeleza nusu, Network+ au CCST (nitavieleza kwenye Hatua ya 3) inakufaa, au miezi michache ya kujisomea kabla ya CCNA. Kama hakuna ulichoandika, usivunjike moyo, ila pia usijidanganye: anza na misingi ya kompyuta yenyewe. Mtu asiyejua kuipa kompyuta anwani ya IP kwa mkono hana cha kufanya ndani ya mtihani wa ruta.

Hatua ya 3: Vijue vyeti kwa undani

A+ ya CompTIA, shirika la vyeti vya teknolojia, si cheti cha mitandao, ingawa kina sehemu ya mitandao ndani yake. Ni cheti cha fundi kompyuta: vifaa, mifumo endeshi, usalama wa kawaida, utatuzi wa hitilafu. Kina mitihani miwili na lazima ufaulu yote miwili. Kinamfaa anayelenga dawati la msaada na asiye na historia yoyote ya kompyuta. Kama tayari umewahi kufungua mashine, kubadilisha RAM na kusakinisha Windows na Linux kwa mikono yako, sioni haja ya kutumia miezi hapo, isipokuwa matangazo yako 20 yanakidai.

Network+, pia ya CompTIA, ndiyo cheti cha mitandao kisichofungamana na kampuni yoyote ya vifaa. Toleo la N10-009 lilianza mwaka 2024. Mtihani wake ni dakika 90, maswali yasiyozidi 90, na alama ya kufaulu ni 720 kwenye kipimo kinachoanzia 100 hadi 900. Nguvu yake ni upana: aina za kebo, poti, itifaki, Wi-Fi, usalama, namna ya kuchunguza hitilafu. Udhaifu wake ni kwamba unaweza kufaulu bila kuwahi kuandika amri kwenye swichi. Utajua VLAN (mtandao mdogo uliotengwa ndani ya swichi ile ile) ni nini, lakini ukiambiwa "itengeneze" unaweza kukwama.

CCST ya Cisco, upande wa mitandao, ni ngazi ya chini ya CCNA. Mtihani wake ni dakika 50 na umekusudiwa wanafunzi na mafundi wanaoanza. Nauona kama kipimo kizuri cha njiani kwa mtu anayetaka kuhakikisha kwamba masomo yanaingia. Usiutegemee peke yake kukupatia kazi.

CCNA ya Cisco ndiyo iliyozoeleka kuliko zote. Ilianza mwaka 1998, na tangu Februari 2020 imekuwa mtihani mmoja, namba 200-301, wa dakika 120. Kabla ya hapo kulikuwa na CCNA za namna nyingi, ya usalama, ya sauti, ya Wi-Fi, kwa hiyo ukikutana na ushauri unaokwambia uchague CCNA ya sauti au ya Wi-Fi, jua ushauri huo umechakaa. Huhitaji cheti kingine chochote kabla yake. Mgawanyo wa mada zake unastahili kusomwa kwa makini: misingi ya mitandao asilimia 20, kuunganisha vifaa kwenye swichi na Wi-Fi asilimia 20, njia za IP asilimia 25, huduma za IP asilimia 10, misingi ya usalama asilimia 15, na uendeshaji wa mtandao kwa programu asilimia 10. Angalia namba hizo tena. Swichi na njia za IP peke yake zinakula asilimia 45. Nimeona watu wakitumia wiki tatu kujifunza JSON (muundo wa kuandika data za programu) na siku mbili kujifunza OSPF. Hesabu hiyo haitakaa sawa siku ya mtihani.

Kwa nini CCNA inaheshimika hata kwenye ofisi zisizokuwa na kifaa kimoja cha Cisco? Kwa sababu inakulazimisha utende. Unaambiwa usanidi, si utaje tu. Aliyeijua VLAN kwa amri za Cisco atahamia kwenye swichi ya kampuni nyingine ndani ya siku chache, maana VLAN yenyewe ni kiwango cha pamoja, 802.1Q, na kinachobadilika ni maneno ya amri.

JNCIA-Junos ni ya Juniper, kampuni ambayo mwaka 2025 ilinunuliwa na HPE. Ni mtihani wa dakika 90 wenye maswali 65. Junos ina uzuri wake: mabadiliko unayoandika hayaanzi kufanya kazi mpaka useme `commit`, na ukikosea unarudi nyuma kwa `rollback`. Inamfaa anayelenga watoa huduma za intaneti wakubwa au vituo vya data vinavyotumia vifaa hivyo. Kama cheti cha kwanza, kichukue tu ikiwa una mwajiri mahususi akilini.

MTCNA ni ya MikroTik, kampuni ya Latvia. Hiki kinatofautiana na vingine kwa namna kinavyopatikana: unahudhuria mafunzo ya mkufunzi aliyeidhinishwa, na mtihani unafanyika mwishoni mwa mafunzo hayo. Vifaa vya MikroTik vimeenea kwa watoa huduma wadogo, hoteli, shule na migahawa, kwa sababu vinafanya mengi kwa gharama ndogo. Anayetaka kujiajiri kwa kufunga na kutunza mitandao midogo, huyu ndiye ninayemshauri MTCNA bila kusita.

Kuhusu vyeti vya huduma za wingu na usalama wa mtandao, nasema kwa ufupi: vina soko, na vinakungoja. Ukuta wa usalama unaokataza trafiki usiyoielewa hutaweza kuusimamia, na mtandao ulio kwenye wingu unagawanywa kwa subneti (vipande vya mtandao) zile zile utakazojifunza kwenye CCNA.

Hatua ya 4: Chagua kimoja, uache vingine

Weka karatasi ya matangazo 20 upande mmoja na majibu yako ya Hatua ya 2 upande mwingine. Anayeanza sifuri na kulenga dawati la msaada, A+ kisha Network+, au Network+ peke yake ikiwa kompyuta anaifahamu. Anayelenga kituo cha uangalizi au usimamizi wa mtandao wa ofisi, CCNA. Anayelenga mitandao midogo na kujiajiri, MTCNA, na baadaye CCNA. Mwenye shaka bado baada ya yote haya, nasema CCNA, hata kama itamchukua muda mrefu zaidi.

Swali linalofuata huwa: "Nifanye Network+ na CCNA zote mbili?" Kwa watu wengi, hapana. Mada zake zinaingiliana sana, na aliyefaulu CCNA hapati mlango mpya kwa kurudi kuchukua Network+. Ipo hali moja ninayoikubali: mwajiri, hasa taasisi za serikali na makandarasi wake, ameandika kwa jina kwamba anataka cheti cha CompTIA. Hapo mfuate anavyotaka.

Na ukishachagua, shikilia. Katikati ya masomo, kwa kawaida pale subneti au STP (itifaki inayozuia data kuzunguka bila mwisho kati ya swichi) zinapokaza, utasikia moyo ukikwambia kwamba labda usalama wa mtandao ndio wito wako. Maliza kwanza ulichoanza.

Hatua ya 5: Soma muhtasari rasmi wa mtihani kabla ya kununua chochote

Kila mtoa cheti huchapisha bure orodha ya mada zinazopimwa. Ipakue kutoka kwake mwenyewe, ichapishe, na uifanye ndiyo ramani yako. Kila mstari uwekee alama ya moja kati ya tatu: naweza kumweleza mtu, nimewahi kusikia, sijui kabisa. Rudia kuweka alama kila baada ya wiki mbili.

Angalia pia namba ya toleo na tarehe ya kustaafu kwa mtihani. Vyeti hufa. MCSA ya Microsoft, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa lengo la vijana wengi wa kompyuta, ilifungwa Januari 2021. Mitihani ya MTA, pia ya Microsoft, nayo ilifungwa mwaka 2022. Mpaka leo vitabu vyake bado vinauzwa na kozi zake zipo. Kitabu cha zamani kinaweza kukufundisha vizuri OSI (mfano wa tabaka saba za mtandao) na subneti, kwa kuwa hivyo havijabadilika, lakini kipimo chako kiwe muhtasari wa mtihani unaofanyika sasa.

Hatua ya 6: Jenga maabara, uiharibu, uitengeneze

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Kwa CCNA, anza na Packet Tracer. Inatolewa bure na Cisco Networking Academy, na ni nyepesi kwa kompyuta ya kawaida. Haina kila amri ambayo kifaa halisi kinayo, lakini kwa ngazi hii inatosha. Ukitaka mifumo halisi, GNS3 na EVE-NG zinaendesha programu zenyewe za ruta ndani ya kompyuta yako, ilimradi unazo kwa njia halali, na Cisco Modeling Labs ina toleo la bure la hadi vifaa 5. Kwa MikroTik ni rahisi zaidi: ruta yao ya kuendeshwa kwenye kompyuta, CHR, hupatikana bure ikiwa na kikomo cha megabiti 1 kwa sekunde kwa kila kiolesura (poti ya mtandao), kasi ambayo kwa mazoezi haina tatizo lolote.

Nikueleze kilichonifundisha thamani ya maabara. Wiki zangu za mwanzo kazini nilitumwa chumba kimoja ambako kompyuta mpya ilikuwa haipati mtandao. Cheti nilikuwa nacho. Nilibadilisha kebo, nikawasha na kuzima mashine, nikasakinisha upya kiendeshi cha kadi ya mtandao. Saa nzima ilipita. Mwenzangu mkubwa alipofika alitazama kitu kimoja tu, anwani ya IP ya kompyuta. Ilianza na 169.254. Akaniambia, "Mdogo wangu, hii inasema yenyewe." Anwani za namna hiyo kompyuta hujipa pale inapoomba anwani kwa DHCP, huduma inayogawa anwani za IP, na hakuna anayejibu. Kebo ilikuwa nzima, taa ya poti ilikuwa kijani. Akaingia kwenye swichi, akaandika `show vlan brief`, na ile poti ikaonekana iko VLAN 1 wakati ofisi nzima iko VLAN 20. Amri mbili zikamaliza kazi:

`interface gigabitethernet0/14`
`switchport access vlan 20`

Kila kipande cha maarifa hayo nilikuwa nimekisoma na nimekifaulu kwenye mtihani. Ila sikuwahi kukiona kikiwa kimeharibika, kwa hiyo sikukitambua.

Tangu hapo ninasisitiza zoezi hili. Ukimaliza kujenga maabara yoyote ikafanya kazi, ivunje kwa makusudi kitu kimoja kimoja, na uandike dalili unayoiona. Weka poti kwenye VLAN isiyo yake. Zima kiolesura, kisha uandike `show ip interface brief` uone maneno `administratively down` yanavyokaa kwenye skrini, ili siku ukiyakuta kazini ujue kwamba kuna mtu alikizima na dawa ni `no shutdown`. Kosea barakoa ya subneti (subnet mask, inayotenganisha sehemu ya mtandao na ya kifaa kwenye anwani) kwenye kompyuta moja uone inafikia nani na inamkosa nani. Ondoa geti chaguo-msingi. Kompyuta itaongea na majirani zake wote na haitatoka nje. Daftari la dalili hizo litakusaidia kwenye usaili kuliko cheti chenyewe.

Ongeza Wireshark, programu ya bure ya kunasa na kusoma paketi. Iwashe, kwenye Windows achia anwani yako kwa `ipconfig /release` na uiombe upya kwa `ipconfig /renew`, kisha chuja kwa neno `dhcp`. Baada ya ile ya Release utaona paketi nne zikipita: Discover, Offer, Request, ACK. Kompyuta inauliza kama kuna mwenye anwani, seva inajitolea moja, kompyuta inaiomba rasmi, seva inathibitisha. Ukishaziona kwa macho yako, hutazisahau.

Kuhusu subneti, ifanye kila siku kwa dakika 15 mpaka isikuume kichwa tena. Chukua mfano 192.168.10.77/26. Kati ya biti 32 za anwani, biti 26 za mtandao zinaacha biti 6 za vifaa, na 2 ikizidishwa yenyewe mara 6 ni 64. Maana yake kila subneti ina anwani 64, kwa hiyo zinaanza 0, 64, 128 na 192. Namba 77 iko kati ya 64 na 128, hivyo mtandao ni 192.168.10.64. Anwani ya mwisho kabla ya mtandao unaofuata, 192.168.10.127, ni ya matangazo kwa wote. Zinazobaki za kugawia vifaa ni kuanzia 65 hadi 126, jumla 62. Lengo ni uifanye hesabu hii kichwani chini ya nusu dakika. Kwenye mtihani itakuokolea muda, na kazini utaifanya mbele ya mteja anayekusubiri.

Hatua ya 7: Weka tarehe, kisha ufanye mtihani kwa uaminifu

Asiyepanga tarehe husoma milele. Ukiona theluthi mbili za mistari ya muhtasari wako zimefika "naweza kumweleza mtu", weka tarehe wiki 4 hadi 6 mbele. Mitihani ya Cisco na CompTIA hufanyika kupitia Pearson VUE, kwenye vituo vyao au nyumbani ukiwa unaangaliwa kwa kamera. Ikiwa umeme au intaneti yako haitabiriki, nenda kituoni. Kukatika kwa laini katikati ya mtihani ni msongo usio na faida yoyote.

Jifunze tabia ya mtihani wako. Kwenye Network+ unaweza kuliwekea swali alama, ukaliruka na kulirudia baadaye, na wengi huacha maswali ya vitendo ya mwanzo mpaka mwisho. Kwenye CCNA huruhusiwi kurudi: ukishabonyeza kuendelea, swali limekwenda. Kwa hiyo mgawo wa muda unapangwa tofauti, na swali linalokukaba kwa dakika 8 lazima ulipe jibu bora ulilonalo na uendelee.

Utapewa, na mtu unayemwamini kabisa, faili la maswali halisi yaliyovuja. Likatae. Kuyatumia ni kuvunja makubaliano unayoyakubali kabla ya mtihani, na cheti kinaweza kufutwa. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Anayekaririshwa majibu anaajiriwa, na usiku mmoja hospitali au benki inakatika mtandao na yeye ndiye wa zamu. Watu walio upande wa pili wa ile laini hawana kosa lolote.

Ukishindwa mara ya kwanza, chukua ripoti ya alama siku hiyo hiyo. Inaonyesha asilimia au maeneo uliyoteleza. Rudi kwenye muhtasari, yafanyie kazi maeneo hayo kwenye maabara, na upange tena. Wahandisi wengi ninaowaheshimu walishindwa mara moja.

Hatua ya 8: Kitumie cheti kingali kipya

Kwenye CV usiandike jina la cheti peke yake. Chini yake andika maabara mbili au tatu ulizojenga: ofisi ya matawi mawili yenye VLAN tatu, OSPF kati yao, na DHCP kwenye ruta, kwa mfano. Weka mchoro wake na usanidi wake mahali mwajiri anapoweza kuufungua. Kwenye usaili wa ngazi hii karibu wote wanaoitwa wana cheti kile kile, na maswali yatakayokutofautisha ni ya aina hii: "Mtumiaji anasema hana intaneti, unaanzia wapi?" Jibu kwa mpangilio, kutoka waya kwenda juu au kutoka programu kwenda chini, na useme ungeandika amri gani na ungetarajia kuona nini.

Omba kazi hata kwenye matangazo yanayotaja uzoefu wa mwaka mmoja. Uliza pia shule, misikiti, makanisa na mashirika madogo kama wana mtandao unaosumbua. Kuutengeneza na kuuandikia mchoro ni uzoefu halali wa kuutaja.

Cheti cha pili kisubiri. Kaa kazini angalau miezi kadhaa, uone mikono yako inavutwa upande gani. Anayefurahia ruta na swichi atapanda CCNP Enterprise, ambayo ina mtihani wa msingi wa ENCOR na mmoja wa kubobea. Anayevutwa na usalama au wingu atakuwa ameshajua ni vifaa gani na jukwaa gani kazini kwake panatumika, na atachagua kwa kujua.

CCNA, Network+, JNCIA na MTCNA zote hudumu miaka 3. CCNA unaweza kuihuisha kwa kufaulu mtihani mwingine wa ngazi hiyo au ya juu, au kwa kukusanya pointi 30 za mafunzo endelevu, na Network+ nayo inataka pointi 30. Siku unayofaulu, andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya simu, na kumbusho jingine miezi 9 kabla yake, kwa sababu cheti cha CCNA kikishapitwa na tarehe unaanza mtihani upya.